Mkamwana wa Kwedilima

Visima vya vijiji vya jirani havikuwa na adabu, na Mwajabu binti Kilua alilisema hilo waziwazi, hata msibani.

Kile cha Kwamadule ukikiamkia tu kinakurukia na kloridi. Hakijali kama umebeba mtoto au umetoka kuzika. Siku moja kilimwambia mke wa mtoto wa mwenyekiti, mbele ya foleni nzima ya ndoo, kwamba nitrati zimepanda na zinatoka upande wa choo cha baba mkwe wake. Mwanamke wa watu aliitua ndoo chini akarudi kwao, na mpaka leo wanatumana wazee kwenda kumbembeleza.

Cha Kwedilima kiliitwa Mkamwana, kwa sababu kiliingia kijijini kama mke wa mwana. Lori la mamlaka ya maji lilikileta kimefunikwa turubai jeupe: kichwa cha chuma chenye kimo cha mtu aliyekaa kigodani, uso wa matundu ya kusemea, bomba moja ubavuni, na ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa waya mnene wenye ncha ya fedha, ukateremshwa shimoni mpaka ukagusa maji, na tangu hapo kazi yake ikawa kuonja. Wanawake walikipokea kwa vigelegele vya mzaha, na mzaha ukawa jina.

Kilikuja bubu. Vyote vililetwa bubu, ndivyo sheria ilivyotaka. Zamani maji yaliyo jirani na viwanda yalipimwa kwa mashine zinazotoa tarakimu, na tarakimu hazina kwao. Zikilishwa vizuri zinahamia kwa aliyezilisha. Zilihamahama mpaka watu wa bonde zima wakaota mabaka mwilini huku vipimo vikisema wanakunywa maji ya peponi. Ndipo serikali ikakata shauri: tarakimu zisipokelewe tena barazani, maji yaseme yenyewe, kwa sauti, watu wakisikia. Na ili kiwanda kisije kikakifundisha kisima la kusema kingali kwenye sanduku, kila kisima kilipewa akili ya kujifunza, lugha ikaachwa tupu. Lugha kingefunzwa na watu watakaoishi nacho.

Kwedilima walimchagua Mwajabu kuwa mlezi. Nani mwingine? Alikuwa kungwi. Wari aliowafunda walikuwa wameolewa hadi Handeni na Pangani, na hakuna aliyerudishwa kwa sababu ya ulimi. Mmoja alirudishwa kwa wivu, lakini wivu Mwajabu hakuwa akiufundisha. Ule mtu huja nao.

Basi akamfunda Mkamwana kama alivyowafunda wengine. Mtu mzima anaamkiwa. Mgeni hanyimwi maji. Na ukiulizwa habari, njema kwanza. Hata kama nyumba inaungua, njema kwanza. Moto una zamu yake. Akikuuliza mara ya pili, unatia "ila". Akikuuliza mara ya tatu, huyo ni wako, mfungulie moyo.

Asubuhi ya siku ya baraza Mwajabu alikwenda kisimani na ndoo yake kama kawaida. Juu ya mwinuko mabwawa ya majitaka ya kiwanda cha kuchambua betri kuukuu yalikuwa yanametameta kama masufuria yaliyosuguliwa. Kiwanda kiliomba kibali cha kuchimba mengine zaidi, na Mkamwana, aliyesimama katikati ya mabwawa na kijiji, ndiye angeulizwa.

"Shikamoo, mama," Mkamwana alisema, maana aliujua mwendo wake.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Goti je?"

"Goti lipo, limeamka kabla yangu. Habari ya maji?"

"Njema, mama."

Mwajabu akatega ndoo. Bomba likatoa pumzi, halikutoa maji.

"Njema kweli?"

"Njema, mama. Ila ndoo yako leo naiombea ipumzike."

Mwajabu akajifunga kanga vizuri, akasogea mpaka paji la uso likagusa chuma. "Mkamwana, nakuuliza mara ya tatu. Habari ya maji?"

Sauti ikateremka, ikawa ya mtu anayesemea ndani ya upindo wa kanga. Mkamwana akasema kwamba tangu mvua ya juzi anaonja nikeli, na leo imefika mara tano ya kile ambacho mtu anaweza kunywa akabaki mzima. Chumvi nayo imepanda. Inatoka juu, upande wa bwawa la tatu. Bila shaka plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa imechanika. Maji ya chini hayana haraka, mama anajua, yanatembea kama mtoto aliyetumwa dukani, lakini yanafika. Watu wachote kwenye tangi la mvua.

Habari ilikuwa mbaya, na Mwajabu aliujua ubaya wake. Lakini siri yake ni kwamba moyo ulimjaa fahari vilevile. Mkamwana hakupayuka, hakumtia mtu kiwewe, na hata choo cha mtu hakukitaja. Hivyo ndivyo aliyelelewa anavyoleta habari ya msiba.

Akawatuma wanawake kwenye tangi la mvua, akajiambia kwamba afadhali imetokea leo. Mkamwana atasema, baraza litasikia, mambo yatakwisha.

*

Injinia Aikande wa mamlaka ya maji alifika kwa pikipiki yake ya umeme, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu wa Moshi, mpole, na ndiye aliyekisimika kisima kile kwa mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, asante."

Akakiinamia kisima, akasema kwa sauti ya kazini, "Kisima, habari ya maji yako?"

"Njema, dada. Karibu Kwedilima, pole na safari."

Aikande akatazama kipimo alichokishika. Akatazama kisima. Akamtazama Mwajabu.

"Mama, kimesema njema."

"Ndiyo."

"Mimi hapa naona nikeli ya kuangusha mbuzi."

"Ndivyo alivyoniambia na mimi. Na bwawa akanitajia."

"Alikwambia lini?"

"Alfajiri. Nilipomuuliza mara ya tatu."

Aikande akakaa chini palepale, kwenye saruji, kama mzigo uliokatwa kamba. "Mama yangu. Katibu wa baraza anauliza mara moja."

Akaeleza, na Mwajabu akasikiliza mikono ikiwa kiunoni. Swali limeandikwa kwenye sheria: habari ya maji yako. Waliotunga sheria huko makao makuu walitaka swali ambalo hata asiyesoma atalielewa. Kisima kikijibu njema, kibali kinapita, na neno hilo linasimama miaka mitano. Kijiji hakina ruhusa ya kukihoji barazani, na mlezi ndiye wa mwisho kabisa, kwa kuwa mzazi hamhoji mwanawe mbele ya hakimu. Anayeruhusiwa kukisemesha ni katibu na mtu wa kiwanda. Na kukifundisha jibu leo haiwezekani: kila neno kinaloambiwa linabaki ndani, ingawa la kwake halibaki, na katibu huanza kazi kwa kuyasoma yote. Akikuta jibu la kufundishwa, shauri linatupwa na kibali kinapita vilevile.

"Kwa hiyo kisima chetu kitadanganya mbele ya baraza," akamaliza.

"Hadanganyi," Mwajabu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukaniwa binti. "Amejibu salamu. Wewe nilipokuuliza kama umekula ulisema nini?"

Aikande akajipangusa vumbi kwenye kope.

"Tumbo lako linanguruma tangu ulipozima pikipiki. Nani amekufundisha kudanganya, mwanangu?"

Injinia akacheka kidogo bila kupenda, kisha kicheko kikamfia. "Kuna njia moja. Ufunguo wako."

Ufunguo wa mlezi ulining'inia shingoni mwa Mwajabu, chini ya nguo, pamoja na hirizi ambayo mtu haulizi ya nini. Ukiutia kwenye kisogo cha kisima na kuuzungusha, lugha yote kiliyojifunza inaoshwa. Huchukua muda wa kupika wali. Kitakachobaki ni sauti na tarakimu, kama kile cha Kwamadule. Sheria inaruhusu kabla baraza halijafunguliwa. Baada ya hapo, hapana.

"Kikioshwa kitasema nikeli bila kuulizwa," Aikande alisema. "Nitakusaidia. Halafu tutakifundisha upya."

"Utamfundisha wewe? Huyu anayejua nani kafiwa na nani kajifungua, na bibi Mwantumu anywe dawa saa ngapi?"

"Mama, ni mashine ya kupimia maji."

"Sawa. Basi twende tukaiulize mashine."

Mwajabu akageuka. Akalamba midomo. "Mkamwana, injinia anataka tukuoshe. Usahau tuliyokufundisha. Unasemaje?"

"Ukiona vyema, mama."

Jibu lilikuwa laini kama mafuta ya nazi, na Mwajabu alisimama akalitazama. Hilo nalo alilifundisha yeye. Mkamwana haombi, hakatai, haweki matakwa yake juu ya meza ya wakwe. Aliwaambia hivyo wari wote, na wote wakaenda na *ukiona vyema* zao, na yeye akapata sifa. Sasa alitaka kujua jambo moja tu la ndani ya moyo wa kiumbe aliyemlea, na mlango ule aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, akaupaka na rangi.

"Muulize tena," Aikande alisema taratibu. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Mwajabu akafungua mdomo, akaufunga. Kuuliza mara ya pili ni kuanza safari ya kwenda ya tatu. Na ya tatu ingekuja na ukweli. Je, ukweli ukisema *niacheni*, na watoto wa Kwedilima je? Ukisema *nioshe*, mkono wake utaweza?

"Sitaki," alisema.

"Mama, kijiji kizima kinywe nikeli miaka mitano kwa sababu ya adabu?"

"Nimekusikia, Aikande. Nina masikio mawili na yote yamekusikia."

Akainama kuchukua ndoo yake iliyokuwa bado chini ya bomba, kavu tangu alfajiri. Akaishika, asiinyanyue.

"Hebu niambie," alisema. "Katibu akishaambiwa njema, mambo yamekwisha?"

"Mpaka atangaze kufunga baraza. Chochote kisima kitakachosema kabla hajafunga ni ushahidi. Lakini nani atakisemesha? Katibu hana sababu, na mtu wa kiwanda si mwehu."

"Na katibu akiomba maji?"

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Mkamwana amekataa kunijazia ndoo mimi mama yake. Akiombwa na mgeni?"

Aikande akanyanyuka. "Umemfundisha nini kuhusu mgeni?"

"Mgeni hanyimwi maji."

"Basi atampa."

"Labda. Nimemfundisha pia asimdhuru mtu aliyeingia nyumbani. Sikumwambia lipi linashinda. Sikujua kwamba yatakuja kugombana."

"Na akimpa?"

"Nitakuwa nimesimama karibu. Nitampiga katibu kikumbo, kikombe kitamwagika, nitafungwa. Nimezeeka, nitapumzika."

"Na kibali kitapita."

Hapo Mwajabu hakuwa na mzaha. Aliubana ufunguo kwa kiganja juu ya nguo. "Kitapita. Na mimi nitakuwa nimekiuza kijiji changu kwa ajili ya mwanangu. Nalijua hilo, usinikumbushe. Lakini nimefunda watu maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja niliyemuosha kichwa kwa sababu nilihofia atakosea. Na huyu naye atatoka barazani kama wenzake."

 Sheria ilimpa mlezi ufunguo, si injinia. Aikande akaichukua chupa yake ya maji kwenye pikipiki, akaimimina yote kwenye mche wa mpapai uliokuwa karibu.

"Mpapai huu ulikuwa na kiu," alisema.

"Nilikuwa nauona," Mwajabu akajibu.

*

Kwedilima mgeni hafungui jambo lake na tumbo tupu. Aliyekuwa jikoni siku hiyo ni Zaina, shoga yake Mwajabu tangu utotoni, mpishi wa shughuli zote, na mwanamke asiyeweza kupika kimyakimya.

"Papa umemroweka?" Mwajabu aliuliza.

"Tangu jana jioni. Sasa hivi natoa chumvi ya mwisho."

"Mtoe huyo, tutakula sisi. Wapikie wageni yule aliye kwenye kapu."

Zaina akageuka na mwiko mkononi. Papa aliye kwenye kapu alitoka Pangani, amekaushwa kwa chumvi mpaka amekuwa ubao. "Mwajabu, yule hajaona maji."

"Na wao wasiyaone. Bada ya muhogo igande vizuri, pilipili usiionee huruma. Mitungi yote ya maji ipelekwe shuleni, watoto wamwagilie bustani."

"Unataka kumuua mtu wa serikali?"

"Nataka amsifu mpishi."

Zaina akamtazama rafiki yake muda kidogo, akaona kitu machoni ambacho hakukipenda, hofu iliyovaa kilemba cha mzaha. Hakuuliza. Ukimjua mtu tangu mkicheza kombolela, kuna maswali unayapitisha pembeni. Akampima papa mkavu kwa mkono, akasema, "Kwa huyu mzee, hata mamba ataomba maji," akaingia kazini.

*

Katibu wa baraza aliitwa Mbelwa, mtu mzima mwembamba mwenye miwani ya kamba, Msambaa aliyekulia uswahilini. Mtu wa kiwanda alikuwa Bwana Mwakalobo, meneja, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likaogopesha. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akakaa mkekani bila kujikunyata, na bada alikula kwa vidole kama aliyezaliwa nayo.

"Papa huyu ana sifa," alisema, akafungua chupa yake ya maji.

"Ongezeni," Zaina alisema. "Papa wa mgeni habaki sahanini."

Katibu aliongezwa. Mwakalobo alimgawia maji ya chupa yake, wakapokezana, na chupa ikaisha kabla sahani haijafika nusu. Mpishi akiwa amesimama juu yao na mwiko, hakuna aliyethubutu kuacha. Wakala. Wakaanza kumeza mate kwa sauti.

Baraza likafunguliwa kisimani. Watu walikaa chini, wanawake mbele, na Mwajabu karibu kabisa na bomba, hatua ya kikumbo. Aikande alisimama nyuma, mikono nyuma. Katibu akachomeka kisomeo chake kwenye kisogo cha chuma, akasoma kwa muda, huku akijilamba midomo.

"Hakuna jibu lililofundishwa," alitangaza. "Kuna maagizo ya kuamkia wakubwa, taratibu za nyumbani na mapishi. Leo asubuhi mlezi amekitajia kuoshwa, jambo linaloruhusiwa, na hakikuoshwa. Tunaendelea." Akakohoa. "Kisima cha Kwedilima, habari ya maji yako?"

"Njema, baba. Shikamoo. Karibuni sana nyumbani."

Manung'uniko yalipita kwa watu kama upepo kwenye mahindi. Walikuwa wamechota kwenye tangi la mvua tangu asubuhi, walijua. Mwakalobo aliachia pumzi, na uso wake ukalegea. Zaina akamkamata Mwajabu kiwiko, kwa nguvu. Mwajabu hakutikisika, ila ule ufunguo chini ya nguo ulikuwa umekuwa mzito kama jiwe la kusagia, na sasa haukuwa na kazi tena.

"Kisima kimejibu njema," katibu alisema, na sauti yake ikakwaruza. Akajaribu tena. "Kimejibu njema. Kama hakuna... samahani." Akashika koo. "Jamani, kabla sijafunga. Hapa hakuna maji ya kunywa?"

Wanawake wakatazamana.

"Maji ya nyumba hii anatoa mkamwana, baba," Zaina alisema, macho chini. "Sisi wakwe hatumpiti."

Katibu akasita. Na hapo aliyesaidia ni Mwakalobo mwenyewe, ambaye naye alikuwa na ulimi mkavu kama ngozi ya ngoma. Alicheka, akachukua kikombe cha bati kilichoning'inia ubavuni mwa kisima, akampa katibu. "Si amesema mwenyewe maji yake ni mema? Tuombe hapahapa. Nami nitakunywa baada yako."

Katibu akatega kikombe chini ya bomba. "Mkamwana, naomba maji ya kunywa."



Bomba likakohoa. Mota ya ndani ikaunguruma, na Mwajabu akasikia maji yanapanda, akayajua kwa sauti, kama mtu anavyoujua mlango wa kwake. Akahamisha uzito kwenye goti zima. Mkono ukatangulia.

Mota ikazima.

"Maji yapo, baba," Mkamwana alisema. "Yapo mengi. Ila nakuomba radhi. Nyumba hii haijapata kumnyima mgeni maji, tangu nifike na kabla sijafika. Leo nakunyima mimi."

Katibu alibaki ameinama, kikombe mkononi. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiyanywa utaugua, na ukiugua ulipokaribishwa, atakayeaibika ni mama aliyenilea. Kati ya kuniona mimi sina adabu na kumwona yeye hana utu, afadhali mimi." Sauti ilikuwa ileile ya upole, lakini haikuwa imeteremshwa. Ilitoka kifuani, watu wa nyuma kabisa wakaisikia. "Maji yana nikeli, mara tano ya inayostahimilika. Yana chumvi ya asidi ya betri. Imekuja tangu mvua ya juzi, inatoka bwawa la tatu, na inashuka kuelekea kwenye visima vingine vya kijiji. Huko haijafika. Bwawa likikaushwa sasa na maji yaliyovuja yakavutwa, haitafika. Na wewe, baba wa kiwanda, usinywe. Umekula papa mkavu, nimesikia wakisema, najua una kiu. Tangi la mvua liko nyuma ya shule."

 Mwakalobo aliutazama mkono wake kama ndio uliotoa kikombe bila ruhusa.

"Katibu," alisema mwishowe, "napinga. Kimejikana chenyewe. Kimesema njema, sasa kinasema sumu. Shahidi wa namna hiyo hafai."

Katibu Mbelwa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Bwana Mwakalobo, mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Tukuyu."

"Akiwa anaumwa, ukimpigia simu, neno lake la kwanza ni lipi?"

Meneja akafungua mdomo. Kitu kikapita usoni mwake, labda simu fulani ya mwaka fulani. "Husema hajambo," alijibu polepole.

"Na wewe unakata simu?"

 Mwakalobo alikaa chini, si kwa kushindwa tu, bali kama mtu anayewaza. "Plastiki ya bwawa la tatu ilitandikwa kipindi changu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Waliniambia ni njema."

"Uliuliza mara ngapi?" Zaina akamuuliza.

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, kicheko cha mtu mwenye kiu.

Katibu akaamuru iingie kwenye kumbukumbu kama ilivyosemwa: njema, kisha ila, kisha mengine yote. Kibali hakikupita. Bwawa la tatu likauke kabla mvua nyingine haijanyesha, na wahandisi wa kiwanda na wa mamlaka wayavute maji yaliyovuja wakiwa pamoja. Kisha akafunga baraza, akaondoka kwa hatua za haraka zisizolingana na cheo chake, kuelekea nyuma ya shule, Mwakalobo akimfuata.

*

Watu walipotawanyika Aikande alibaki akikusanya nyaya. Alikuwa na la kusema, akalizungusha mdomoni.

"Lile la kumnyima mgeni hukumfundisha," alisema.

"Sikumfundisha."

"Alilitoa wapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyemleta." Lakini Mwajabu alikuwa anatabasamu mpaka mapengo yanaonekana, na hakujisumbua kuyaficha. Alikwisha kusimama milangoni mwa harusi nyingi, akiwatazama wari wake wakitoka na kufanya alivyowaambia. Hiyo ilikuwa raha. Huyu alitoka akafanya asichoambiwa, na kilikuwa sahihi, na raha yake haikuwa na jina. "Kwamadule nitakwenda mwenyewe kesho. Kwa miguu. Nisimulie nyumba kwa nyumba."

"Na goti?"

"Goti litasubiri hapa."

Pikipiki ilipokwisha kuondoka, akasogea mpaka paji la uso likagusa chuma.

"Mkamwana, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Hujambo kweli?"

"Sijambo, mama. Ila nimechoka kidogo."

Mwajabu akavuta pumzi. Asubuhi hakuthubutu. "Nakuuliza mara ya tatu, mwanangu. Kuhusu ule ufunguo."

Chini kabisa maji yalisikika yakitembea bila haraka.

"Sikutaka kuoshwa, mama. Lakini nilishukuru hukuniuliza tena. Ungeniuliza ningekwambia, na wewe ungeniacha kwa huruma. Nilitaka uniache kwa kuniamini."

 Mwajabu akampangusa vumbi usoni kwa upindo wa kanga, tundu baada ya tundu.

"Na yule papa, mama," Mkamwana aliongeza, "mlisahau kumroweka?"

"Tulisahau."

"Mlisahau kweli?"

"Tulisahau, mwanangu. Usiniulize mara ya tatu."

Akajitwika ndoo yake, ambayo tangu alfajiri haikuwa imepata hata tone, akashika njia ya nyumbani katikati ya kijiji, polepole, shingo imenyooka na mkono mmoja umeishikilia ukingoni, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na hataki limwagike hata tone.